Uvimbe wa paji la uso baada ya mafua si wa kungoja kesho

Mhariri,

Kusi ikishakolea hapa Mombasa na asubuhi zikaanza kuwa na kibaridi, zahanati na maduka ya dawa hujaa watu wenye mafua. Wengi wao hawana la kuhofia: kamasi hutiririka, kichwa huuma, koo huwasha, na siku saba au kumi zikishapita mtu amekwisharudi kazini au darasani akiisifu dawa aliyomeza, ingawa mara nyingi si dawa iliyomponya bali ni mwili wake mwenyewe. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwazungumzie wale wachache ambao mafua yao hushika njia nyingine, hasa vijana walio baina ya miaka 10 na 18, kwa kuwa ni katika umri huo ambapo maambukizi ya sainasi, vile vyumba vya hewa vya usoni, huweza kutoka puani yakaingia kwenye tundu la jicho, kwenye mfupa wa paji la uso au ndani ya fuvu, na ni katika umri huo huo ambapo sisi wakubwa huwa wazito kuwaamini wanaposema wanaumwa.

Nimefanya kazi ya utabibu wa masikio, pua na koo katika Pwani hii kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na ombi langu kwa wazazi, walimu na matabibu wenzangu ni moja tu. Kijana aliye na mafua, au aliyetoka kuugua mafua karibuni, akivimba paji la uso au kope za jicho moja huku ana homa na kichwa kinamuuma sana, afikishwe siku hiyo hiyo katika hospitali yenye mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya kichwa, na madaktari wa upasuaji. Asipewe vidonge na kuambiwa arudi Jumatatu.

Sainasi ni vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso, navyo viko jozi nne: vya mashavuni, vya baina ya macho, vya paji la uso, na vile vilivyojificha nyuma kabisa ya pua, chini ya ubongo. Mtoto huzaliwa akiwa tayari na vya mashavuni na vya baina ya macho, vikiwa vidogo. Vya paji la uso huja baadaye. Huanza kuonekana vizuri kwenye picha mtoto anapofika umri wa kama miaka 7 au 8, kisha huendelea kutanuka mpaka mwisho wa ujana. Kwa hiyo kijana wa miaka 13 au 15 ana chumba kipya kinachokua ndani ya mfupa ulio hai, wenye damu nyingi, na mishipa midogo ya damu inayopita katika mfupa huo inaunganisha ngozi laini ya ndani ya sainasi na utando unaoufunika ubongo. Mishipa hiyo haina vali za kuielekeza damu upande mmoja. Ni kama mlango usio na komeo, husukumika kwa ndani na kwa nje, na bakteria wanaweza kusafirishwa na vidonge vya damu iliyoganda hadi upande wa ubongo bila hata mfupa wenyewe kutoboka. Wanaopatwa na hali hii aghalabu si watoto wadhaifu wala wenye upungufu wa kinga. Ni mabarobaro wazima, wavulana zaidi kuliko wasichana, ambao wiki iliyotangulia walikuwa wakicheza mpira.

Nianze na jicho, maana hilo ndilo linaloonekana mapema. Ukuta unaotenganisha sainasi za baina ya macho na tundu la jicho ni mwembamba mno hata mwanga hupenya, na usaha ukijaa upande mmoja haukawii kuhamia upande wa pili. Mwaka 1970 daktari Chandler na wenzake wa Marekani walizipanga hatua za maambukizi haya katika daraja tano ambazo matabibu wanazitumia hadi leo: kwanza uvimbe wa kope pekee, kisha maambukizi ya nyama za ndani ya tundu la jicho, kisha jipu baina ya mfupa na utando wake, kisha jipu ndani ya tundu lenyewe, na mwisho damu kuganda katika mshipa mkubwa ulio nyuma ya macho, chini ya ubongo. Si lazima mgonjwa azifuate hizo daraja moja baada ya nyingine. Anaweza kuja kwako akiwa tayari ameruka mbili.

Mwanzoni mwa mwaka 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Mombasa na kaunti jirani, watu wengi walizoea kuona jicho jekundu na kuliwekea matone, na mazoea hayo yamebaki. Lakini macho mekundu ya kuambukizana kwa kawaida huwasha, hutoa tongo, aghalabu huhama kutoka jicho moja hadi la pili, wala hayamlazi mtu kwa homa kali. Jicho la sainasi ni jingine kabisa. Ni la upande mmoja, kope zimevimba hata kulifunga, na ukizifunua kwa vidole viwili kwa upole utaona mambo ambayo hayahitaji mashine. Mwambie kijana afuate kidole chako juu, chini, kushoto na kulia bila kugeuza kichwa. Akisema jicho linauma linapozunguka, au jicho likakwama wakati la pili linakwenda, au akaona vidole viwili badala ya kimoja, basi maambukizi yamekwishapita kope. Simama ubavuni mwake utazame kama jicho moja limetoka mbele kuliko jingine. Mwonyeshe kifuniko chekundu cha chupa, kwanza kwa jicho zima kisha kwa jicho bovu, umuulize kama wekundu ni ule ule. Rangi ikififia katika jicho bovu, mshipa wa kuonea umeanza kubanwa, na saa zinazohesabika hapo ni chache. Muuguzi wa zahanati anaweza kuyafanya yote haya kwa muda mfupi kuliko anaotumia kuandika kadi.

Uvimbe wa paji la uso una historia ndefu zaidi. Mpasuaji Mwingereza Percivall Pott, aliyefanya kazi katika hospitali ya St Bartholomew's jijini London, aliuandika mwaka 1760 alipoeleza uvimbe laini wa ngozi ya kichwa ambao chini yake mfupa umeoza na usaha umejikusanya baina ya fuvu na utando wa ubongo. Hali hiyo hadi leo inabeba jina lake, Pott's puffy tumour kwa Kiingereza, na jina hilo linaitaja kana kwamba ni uvimbe wa saratani, jambo ambalo limewatisha wazazi wengi bure, kwani si saratani. Ni jipu la mfupa. Pott aliuona kwa watu waliojeruhiwa kichwani. Siku hizi chanzo kikuu ni sainasi ya paji la uso, na wagonjwa wengi ni vijana.

Namkumbuka mvulana wa kidato cha pili aliyeletwa na mama yake kutoka ng'ambo ya Likoni, akiwa na uvimbe katikati ya paji la uso, juu kidogo ya nyusi. Alikuwa amekwishapewa dawa ya malaria mara mbili katika kituo kimoja cha afya, kwa sababu ya homa na kuumwa na kichwa. Mama akaniwahi kabla sijauliza: "Daktari, huyu kagongana na mwenziwe uwanjani, ndiyo kavimba."

Nikamuuliza, "Waligongana lini, mama?"

"Yapata wiki mbili sasa."

"Na huu uvimbe umeuona lini?"

Akafikiri kidogo. "Juzi, alipoamka."

Nundu ya kugongwa hutoka pale pale, ikageuka rangi na kupungua siku zinavyokwenda. Uvimbe unaoanza siku nyingi baada ya kugongwa, ukiambatana na homa, haukutokana na kichwa cha mwenziwe peke yake, na kwa hakika hauwezi kuitwa nundu. Nilipoubonyeza kwa kidole gumba ulikuwa laini, na kidole kilipotoka pakabaki kishimo kilichochukua muda kujaa. Ngozi haikuwa nyekundu sana. Kijana alikuwa amefumba macho akiukwepa mwanga wa dirisha, na nilipomuuliza kuhusu mafua alisema yalikuwapo, yakapungua, kisha kamasi ya kijani ikarudi pamoja na homa, lakini hakuna aliyemuuliza. Picha ya CT ilionyesha usaha nje ya fuvu, mfupa wa mbele ulioliwa, na mkusanyiko mwingine ndani, baina ya mfupa na utando wa ubongo. Alifanyiwa upasuaji usiku huo. Muhula uliofuata alirudi shuleni.

Nimeutoa mfano huu kwa sababu ya malaria. Sisi wa Pwani tumelelewa tukijua kwamba homa pamoja na kichwa ni malaria mpaka kithibitike kitu kingine, na kanuni hiyo imeokoa maisha ya watu wengi, siidharau hata kidogo. Ila kipimo cha malaria kikisema hapana, kiaminiwe. Na hata kikisema ndiyo, kazi ya tabibu haijaisha. Kipimo cha haraka kinachotumika katika vituo vyetu vingi hutafuta protini ya kimelea katika damu, na protini hiyo huweza kubaki kwa wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa akapona. Isitoshe, mtu anaweza kuwa na malaria na jipu kwa wakati mmoja. Malaria haivimbishi paji la uso wala kope za jicho moja. Kijana aliyemaliza dozi ya malaria na bado kichwa kinampasuka hapaswi kuanzishiwa dozi ya pili kabla hajatazamwa usoni, puani na machoni, na kabla hajaulizwa swali dogo linalosahaulika: je, umeugua mafua mwezi huu?

Sasa nije kwenye lile linalotisha zaidi, nalo ni ubongo. Maambukizi ya sainasi ya paji la uso huweza kuleta jipu baina ya fuvu na utando wa ubongo, au usaha uliotandaa chini ya utando huo, au homa ya uti wa mgongo, au jipu ndani ya ubongo wenyewe, au damu kuganda katika mishipa mikubwa inayoondoa damu kichwani. Usaha uliotandaa chini ya utando ndio mkali kuliko yote: hakuna ukuta wa kuuzuia, huenea upande mzima wa ubongo kwa siku chache au hata saa, ukaleta kutapika, usingizi usio wa kawaida, degedege, na udhaifu wa mkono na mguu wa upande mmoja. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, kungoja mpaka asubuhi ni uamuzi mkubwa kuliko unavyoonekana.

Jipu lililo katika sehemu ya mbele ya ubongo, kwa upande mwingine, hufanya kazi kimyakimya. Sehemu hiyo ndiyo inayosimamia tabia na maamuzi, kwa hiyo kijana hapoozi mkono wala mguu. Anakuwa mzito wa kujibu, mvivu, asiyejali, mwenye hasira za ghafla, anayesahau alichotumwa. Hapa Mombasa mzazi akiona hivyo hukimbilia kufikiri muguka au bangi, na wengine husema kijana kapandwa na pepo. Shuleni, hasa za bweni, husemwa anakwepa mtihani. Siwalaumu wanaofikiri hivyo, kwani mara nyingi ndivyo ilivyo kweli. Lakini tabia iliyobadilika ndani ya wiki moja au mbili, pamoja na kichwa kinachouma zaidi alfajiri na kumwamsha usingizini, pamoja na kutapika kusikofuatana na tumbo kuchafuka, hiyo si tabia. Mama msimamizi wa bweni anayemgawia mwanafunzi parasitamoli kila siku kwa wiki nzima amekwishapewa dalili ya kutosha kumwita mzazi. Na ajue kwamba dawa hizo za maumivu hushusha homa na kuuficha ugonjwa wenyewe, ndiyo maana kijana anaweza kufika hospitalini akiwa na joto la kawaida na usaha ndani ya fuvu.

Mtu atauliza vipi atayatofautisha mafua ya kawaida na sainasi ya bakteria, maana hatuwezi kumpiga picha kila mwenye kamasi. Ni kweli, na wala haitakiwi. Kuna njia tatu ambazo sainasi ya bakteria hujitambulisha kwa watoto na vijana: mafua au kikohozi cha mchana kinachozidi siku 10 bila nafuu yoyote, au mafua yaliyoanza kupungua kisha yakarudi kwa nguvu pamoja na homa mpya, au homa ya nyuzi 39 na zaidi pamoja na kamasi ya usaha kwa siku 3 mfululizo tangu mwanzo wa ugonjwa. Nyingi za sainasi hizo hutibiwa kwa dawa za kumeza, amoksilini ikiwa mojawapo, na mgonjwa hutarajiwa kupata nafuu ndani ya saa 72. Asipopata, arudi, na anayempokea asimbadilishie rangi ya vidonge tu. Kamasi inayonuka ya upande mmoja inataka pia meno ya juu yatazamwe, kwani mizizi ya magego hupakana na sainasi za mashavuni. Rangi ya kamasi peke yake, kijani au njano, haithibitishi chochote.

Hapa ndipo ninapogombana kidogo na maduka ya dawa, wenye maduka wanisamehe. Sheria inataka antibiotiki itolewe kwa karatasi ya daktari, lakini ukipita Mwembe Tayari, Kongowea au Kisauni utaona vidonge vitatu au vinne vikifungwa katika karatasi na kuuzwa kwa yeyote anayesema ana kichwa na mafua. Dozi ya namna hiyo haiui bakteria waliomo ndani ya mfupa. Inawatuliza kwa siku mbili tatu, homa inashuka, uvimbe unakuwa mdogo, mzazi anashukuru, na jipu linaendelea ndani. Baadaye usaha ukitolewa na kupelekwa maabara, mara nyingine hakuna kinachoota kwa sababu ya hizo dawa nusunusu, na daktari analazimika kutibu kwa kukisia.

Kuhusu tiba za nyumbani nitasema kwa ufupi. Kujifukiza kwa maji ya moto yenye mwarobaini au mkaratusi kunaweza kumpa mgonjwa wa mafua nafuu ya kupumua, ila kumewaunguza watoto wengi, na hakuna mvuke unaofika kwenye jipu. Hijama ina watu wake na heshima yake, nami sina ugomvi nayo. Lakini paji la uso lililovimba lisichanjwe, lisiumikwe, lisikandwe kwa kitambaa cha moto wala lisiminywe. Kijana mwenye mafua asiende kupiga mbizi, iwe bwawani au kule Mama Ngina wanakoruka vijana wetu kutoka kwenye mawe, kwani maji huingia puani kwa nguvu pamoja na shinikizo. Matone ya kuzibua pua yasipite siku tano, maana yakizidi pua huziba zaidi kuliko mwanzo.

Kijana akishashukiwa, kituo kidogo kina kazi ya kufanya kabla ya gari kuondoka. Apimwe joto, mapigo ya moyo, mboni za macho na namna anavyojibu maswali, na yaandikwe pamoja na saa. Asile wala kunywa, kwa sababu huenda akaingia chumba cha upasuaji. Alazwe kichwa kikiwa kimeinuliwa kidogo. Safari ikiwa ndefu, au kivuko kina msongamano na hakuna ambulensi ya kupewa njia, achukuliwe damu ya kupimwa ikiwezekana, kisha apewe dozi ya kwanza ya antibiotiki kwa mshipa, na jina la dawa na saa iliyotolewa viandikwe katika barua ya rufaa kwa herufi zinazosomeka. Maji ya uti wa mgongo yasitolewe kabla ya picha ya kichwa: pakiwa na jipu linalosukuma ubongo, kuyatoa maji yale kunaweza kuushusha ubongo ukabanwa na mgonjwa akafa mezani.

Hospitali ya rufaa nayo haijamaliza kazi kwa kupiga picha yoyote. Picha ya eksirei ya kawaida ya sainasi haifai kabisa katika jambo hili, na sioni kwa nini bado inaagizwa. Kinachohitajika ni CT ya sainasi, macho na kichwa pamoja na dawa ya kung'arisha picha inayoingizwa kwa mshipa, kwa kuwa bila dawa hiyo utando mwembamba wa usaha juu ya ubongo unaweza kupita bila kuonekana. CT ikiwa safi lakini kijana bado amelegea au ana degedege, ifuatiwe na MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, ambayo huona mambo haya mapema zaidi. Wazazi wengine huogopa mionzi ya CT, na hofu yao ina msingi kwa mtoto mwenye mafua tu. Kwa kijana aliyevimba paji la uso hofu hiyo iwekwe kando.

Matibabu husimama juu ya dawa za mshipani na kisu kwa pamoja. Bakteria wanaopatikana mara nyingi kwa vijana hawa ni wa kundi la Streptococcus anginosus, ambao wengi wetu tunaishi nao kinywani bila madhara lakini wana tabia ya kutengeneza majipu wakipata njia, wakifuatana na Staphylococcus aureus na bakteria wasiohitaji hewa. Kwa sababu ni mchanganyiko, dawa nazo huchanganywa: kwa kawaida seftriaksoni inayoweza kufika kwenye ubongo, metronidazoli kwa ajili ya wale wasiohitaji hewa, na vankomaisini pale inaposhukiwa Staphylococcus sugu. Nimeona wazazi wakishangaa kuona metronidazoli, ile wanayoijua mitaani kama dawa ya tumbo, ikining'inizwa kwenye dripu ya mtoto anayeumwa kichwa; haikukosewa. Maabara ikishatoa jibu la usaha, dawa hupunguzwa zibaki zile zinazohitajika.

Kuhusu kisu, daktari wa pua huifungua sainasi iliyoziba, siku hizi mara nyingi kwa kamera inayopita ndani ya pua bila kuacha kovu usoni, na daktari wa upasuaji wa ubongo hutoa usaha uliomo ndani ya fuvu na mfupa uliooza. Daktari wa macho lazima awepo tangu mwanzo kama jicho limehusika. Yapo majipu madogo ya jicho, hasa kwa watoto wa chini ya miaka 9, yanayoweza kutibiwa kwa dawa za mshipani pekee huku uwezo wa kuona ukipimwa kila baada ya saa chache. Kwa vijana wakubwa bakteria huwa wa aina nyingi na upasuaji huhitajika mara nyingi zaidi. Damu ikiwa imeganda katika mishipa ya kichwa, dawa za kuzuia kuganda huamuliwa na mabingwa kwa kila mgonjwa, kwani zina hatari zake baada ya upasuaji.

Kwa serikali ya kaunti nina ombi lililo ndani ya uwezo wake. Hospitali Kuu ya Pwani hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka Kwale, Kilifi, Taita Taveta, Tana River na Lamu, na mgonjwa wa aina hii anahitaji madaktari watatu au wanne wa fani tofauti kwa usiku mmoja. Pawe na nambari moja ya simu ambayo afisa wa zahanati anaweza kuipiga kabla hajampakia mgonjwa, akaambiwa kama CT inafanya kazi leo na kama daktari wa upasuaji yupo, badala ya mzazi kuzungushwa mjini na kijana aliyelegea begani. Bima ya SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, nayo ieleze kwa lugha rahisi, kwa Kiswahili, ni sehemu gani ya picha, upasuaji na wiki za dawa inayolipiwa, kwa maana nimeona familia zikimtoa mgonjwa kitandani kwa kuogopa hesabu ambayo hakuna aliyewaeleza.

Na wiki hizo za dawa ni nyingi. Mfupa ulioambukizwa au usaha ndani ya fuvu hutaka antibiotiki kwa muda wa wiki 4 hadi 8, nyingi zake kwa mshipa, wakati kijana mwenyewe huanza kujisikia mzima baada ya siku chache tu za upasuaji na kuanza kudai simu yake na chakula cha nyumbani. Hapo ndipo wazazi huomba ruhusa, au huondoka bila ruhusa. Wakae, au wakubaliane na daktari namna ya kumaliza dawa katika kituo kilicho karibu na nyumbani. Picha hurudiwa kabla dawa hazijasimamishwa. Dawa za kuzuia degedege, kama alipewa, zisiachwe ghafla hata kama degedege haijarudi. Mwalimu wa darasa aarifiwe kwamba kijana anaweza kuchoka upesi na kusahau kwa miezi kadhaa, na kichwa kikimuuma tena pamoja na homa au uvimbe pale pale penye kovu, arudishwe hospitalini alikofanyiwa upasuaji, si kwenye duka la dawa, akiwa na karatasi zake zote na picha za awali.

Tabibu mstaafu,
Mji wa Kale, Mombasa